Re: Boti ya tanga ya mzee iko Naivasha, nianzie wapi?

Ndugu, nimekusoma, mzee amewaachia boti ya faiba huko Naivasha, nyinyi mko Nairobi, watoto wanataka kuenda wikendi na hujui kama iko salama. Msiiuze tafadhali, inaokoleka.

Anza na waya za kushikilia mlingoti kabla hata ya kufikiria rangi. Pitisha kitambaa juu ya waya yote, si mkono mtupu, kikinasa mahali ujue nyuzi zimeanza kukatika na hiyo waya ni ya kubadilishwa tu, kwa sababu ikikatika upepo ukiwa mkali mlingoti unawaangukia. Halafu gongagonga deki na mpini wa bisibisi, pale sauti inakuwa nzito ama panabonyea ukikanyaga, maji yameingia ndani, hapo tafuta fundi wa faiba, usipake rangi juu yake.

Tanga huharibiwa sana na jua, kwa hivyo mkimaliza likunjeni likiwa kavu mliweke ndani, na boti ifunikwe turubai lakini hewa ipite. Masika, Machi hadi Mei, matundu ya kutoa maji yakiziba na majani boti inajaa, lipa mtu wa huko aiangalie kila wiki.

Raha yenyewe na watoto ni asubuhi, ziwa limetulia. Alasiri upepo huamka, punguzeni tanga mapema kabla haujawashinda. Kila mtu avae jaketi ya kuelea, hata anayejua kuogelea, na msikaribie mafunjo kabisa, viboko hukaa huko.