L90.0 au N90.4? Kwanza tuulizane "uke" upi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo kituo cha afya wilayani Kaliua, Tabora. Natunza kumbukumbu za wagonjwa na kuingiza madai ya bima. Daktari amemwona mama wa miaka 58 anayewashwa kwa miaka mitatu sasa, ngozi imekuwa nyeupe na nyembamba. Mwanzo aliandika "kuwashwa ukeni", nami nikaweka N89.8, dai likarudi. Sasa ameandika "likeni sklerosi, uke". Kitabu chetu cha ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, kinanipa L90.0, lakini kwenye simu naona N90.4. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Shika L90.0.

Simu haijakudanganya, imekufungulia kitabu cha watu wengine. Kilichopo kituoni kwako ni ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani. Humo ukifuata likeni sklerosi kwenye faharasa unafikishwa L90.0, hata kama ngozi iliyoharibika ni ya sehemu za uzazi. Wamarekani wana toleo lao, ICD-10-CM, walilolirekebisha kwa matumizi ya kwao. Chini ya L90.0 wameweka maelekezo kwamba ikiwa ugonjwa upo sehemu za nje za uzazi za mwanamke, uende N90.4, na ikiwa ni za mwanamume, N48.0. Kwenye kitabu chako N90.4 ipo pia, ila ni ya leukoplakia (utando mweupe), distrofia na kraurosi ya sehemu hizo za nje za mwanamke, majina ya zamani ambayo madaktari wengi wameshayaacha. Ukitaka kuwatambua Wamarekani haraka, angalia urefu: misimbo yao inaweza kufika herufi na tarakimu saba. (Nasema "msimbo" kwa makusudi. Nikisema "kodi" mhasibu wetu hugeuka kuangalia nani amekuja.)

Hilo lilikuwa jepesi. Lililorudisha dai lako, nadhani, ni neno "uke".

Kwa Kiswahili chetu uke ni kote: mashavu ya nje, mashavu ya ndani, mlango, na njia yenyewe hadi kwenye shingo ya kizazi. Mgonjwa akisema "nawashwa ukeni" tunamwelewa na maisha yanaendelea. ICD-10 haielewani na sisi hapo. Sehemu ya nje ina misimbo yake, njia ya ndani ina yake, shingo ya kizazi ina yake. Chukua hiyo leukoplakia: ukiwa nje ni N90.4, ukiwa kwenye njia ya uke ni N89.4, kwenye shingo ya kizazi ni N88.0. Kuwashwa kwa sehemu ya nje bila sababu kujulikana ni L29.2, tena kumewekwa kwenye sura ya ngozi. Wewe ulisoma "ukeni" ukaenda N89.8, ambayo ni ya njia ya ndani. Kama daktari aliandika krimu ya klobetasoli 0.05% ya kupaka, mhakiki wa bima aliona ugonjwa wa ndani na dawa ya ngozi ya nje. Ningekuwa mimi pia ningelirudisha.

Tena likeni sklerosi kwa kawaida haiingii kwenye njia ya uke. Inakaa nje, mara nyingi inazunguka hadi kwenye njia ya haja kubwa, kama tarakimu ya nane. Kwa hiyo hata "likeni sklerosi, uke" aliyoandika daktari ina utata. Mwombe aandike mahali hasa: mashavu ya ndani, mashavu ya nje, kinembe, kuzunguka haja kubwa. "Sehemu za siri" ndiyo mbaya kuliko zote. Najua ni adabu, lakini faili si barazani.

Usikubali pia "fangasi sugu" ipite hivihivi. Niliwahi kukagua faili la bibi mmoja, kituo sikitaji, mahudhurio tisa yote B37.3, msimbo wa fangasi wa sehemu hizo, dawa za fangasi za kila aina, na hakuna hata mara moja palipoandikwa ngozi inaonekanaje. Mashavu ya ndani yalikuwa yameshafutika. Ugonjwa huu una hatari ndogo lakini ya kweli ya kuzaa saratani ya ngozi ya hapo, ndiyo maana mwenye nao hufuatiliwa miaka na miaka. Akiwa amefichwa ndani ya B37.3, siku mkitaka orodha ya wanaotakiwa kurudi kuangaliwa hamtampata.

Je, kama daktari ameandika "nahisi likeni sklerosi" na kinyama cha kupima kimepelekwa hospitali ya Bugando? Basi mrudie daktari kwanza akufafanulie. Kwa kanuni ya kitabu chako, hitimisho likibaki la kushuku na hakuna ufafanuzi zaidi, linapewa msimbo kana kwamba limethibitika, yaani L90.0, na neno "nahisi" libaki kwenye maelezo ya daktari. Majibu yakirudi, daktari anaandika ingizo jipya lenye tarehe na sahihi, nawe unaweka msimbo unaolingana na majibu kwa hudhurio hilo jipya. La zamani halifutwi, na wino mweupe usiguse faili. Majibu yakisema saratani, utaona tena kwa nini nasisitiza mahali: shavu la nje ni C51.0, la ndani C51.1, kinembe C51.2. Ikiwa bado haijapenya chini ya ngozi ni D07.1.

Jambo moja hujaliuliza. Ugonjwa huu huwapata hata wasichana wadogo, na ngozi yao huvuja damu na kuvilia kiasi kwamba mtu anaweza kudhani mtoto amebakwa. Wapo pia waliobakwa kweli. T74.2, msimbo wa ukatili wa kingono, isitoke kichwani mwako wala kwenye maneno ya korido. Inatoka kwenye maandishi ya aliyempima tu.

Kwa mama huyu, mrudishie daktari faili kabla hajamaliza zamu. Aongeze mstari mmoja: mahali, rangi na hali ya ngozi, tangu lini, kama kinyama kimechukuliwa, na lini arudi. Akithibitisha kwamba ndiyo hitimisho lake, dai liende upya na L90.0.