Jibu: Hirizi ya mtihani kutoka Japani, nifungue?

Habari mkuu. Umeuliza kama ufungue hirizi uliyoletewa na dada kutoka hekalu la mji wa Dazaifu, Japani, na uipeleke wapi ukimaliza mtihani. Usifungue. Ndani ya kile kifuko mna kikaratasi au kibao chenye dua tu, na Wajapani wanaamini ukifungua, baraka inatoka. Yangu niliifunga kwenye zipu ya begi la vitabu, basi.

Kuhusu pa kuipeleka, kwanza tazama nyuma ya hirizi, jina la hekalu kwa kawaida limedariziwa hapo. Baada ya mwaka hivi hurudishwa hukohuko, ikachomwa kwa ibada. Dada akisafiri tena mpe. Mahekalu kadhaa hupokea hata kwa posta. Anayeombwa Dazaifu ni Sugawara no Michizane, msomi aliyefia huko uhamishoni mwaka 903.