Gia fupi kwenye Subaru: kagua bushi kabla hujatoa hela

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Arusha, nina Impreza WRX ya 2003 manyuali, gia 5. Mkono wa gia unasafiri mbali sana, kutoka ya pili kwenda ya tatu naona kama nafungua geti, afu hata ukiwa ndani ya gia bado unachezacheza. Asubuhi gia ya pili inakwaruza mpaka gari lipate moto. Nimeona shoti shifta (mkono wa gia wa safari fupi) inauzwa, wanasema inapunguza safari ya mkono kwa asilimia 40. Nichukue hiyo? Na fundi wa mtaani ataiweza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue kwanza, maana umeniandikia matatizo matatu na shoti shifta inatibu moja tu.

Leo jioni zima gari, ingiza gia ya tatu, shika kichwa cha mkono wa gia kwa vidole viwili ukitikise kushoto kulia. Kama kinaelea tu bila kugota popote, hizo ni bushi, vile vimpira vya kwenye maungio ya gia, zimekwisha. Subaru ya kizazi chako haitumii kebo, mkono umeungwa na giaboksi kwa vyuma viwili vinavyopita chini ya gari, kimoja kinasukuma gia na kingine kinaushikilia mkono ukae pale pale, na kwenye maungio yake kuna mpira. Sasa miaka 20 ya vumbi pamoja na joto la ekzosti inayopita hapo hapo, unategemea nini? Mimi nilipotoa bushi ya nyuma ya Forester yangu ilimeguka kama biskuti ikaniachia unga mweusi kiganjani, nikaweka mpya tu na gia zikaanza kuingia kwa kishindo kidogo kitamu ambacho nilikuwa nimeshakisahau.

Kukwaruza kwa gia ya pili ni habari nyingine kabisa, hiyo ni oili au sinkro, ile pete ya ndani ya giaboksi inayolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Kwenye gari lako giaboksi na difu ya mbele wanakunywa oili moja, kama lita 3.5 hivi, 75W-90 ya GL-5, na kama hujui ilibadilishwa lini basi badilisha wiki hii. Ikiendelea kukwaruza hata gari likiwa moto ujue sinkro imechoka, na hapo shoti shifta usiiguse, itakufanya ulazimishe gia kwa nguvu na haraka wakati sinkro yenyewe inaomba muda.

Kuhusu hiyo asilimia 40. Mkono wa gia ni wenzo kama mtaimbo, una sehemu ya juu unayoshika, una mhimili, una sehemu ya chini inayosukuma chuma. Tuseme juu ni milimita 200 na chini 50, ili chini isogee 15 mkono wako lazima usogee 60. Ukirefusha chini ikawa 65, mkono unasogea 46 tu, raha, ila nguvu ya kusukuma inapanda karibu theluthi. Yani unachopunguza kwenye safari unakilipa kwa msuli. Njia ya Arusha kwenda Moshi na yale matuta na vibao vya 50 unabadili gia mara ngapi? Ndo maana mimi nasema tafuta ya asilimia 20 mpaka 25, inatosha sana kwa gari la kila siku. Kukata tu mkono kwa juu na kuchomelea, hapana.

Kampuni za Kartboy na Cobb wanatengeneza shoti shifta za Subaru, hakikisha imeandikwa ya gia 5, ya gia 6 haiingii.

Fundi wa mtaani anaweza, mradi awe na subira. Juu anafungua kichwa, konsoli na mpira unaofunika shina la mkono, chini anashusha bomba la kati la ekzosti na bati la kuzuia joto ndo aione ile linkeji, yaani vile vyuma viwili. Ekzosti ipoe kabisa, na gari likae kwenye stendi, sio jeki peke yake, hapo sina mjadala na mtu, watu wamekufa. Mpe bushi mpya azifunge siku hiyo hiyo maana kazi ya kufungua ni moja. Boli (tufe) ya mhimili apake grisi, na ule mpira wa ndani aurudishe ukae vizuri pande zote, ukiachia upenyo kidogo tu vumbi na harufu ya moshi vyote vinapanda ndani. Kabla hajarudisha konsoli ingiza gia zote na rivasi, uone mkono haugongi popote.

SWALI: Mimi nina Corolla manyuali, na yenyewe ina bushi za kubadilisha?

JIBU: Ya kwako ni ya kebo, fungua boneti ufuate kebo mbili mpaka zinapoishia juu ya giaboksi, mwisho wa kila moja kuna kibushi kidogo. Mwambie mtu atikise gia ndani wewe ukiangalia, kebo ikisogea kabla mkono wa giaboksi haujasogea basi ndo chenyewe.