Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi, Hita na Vibali

Ndugu Mhariri, nina nyumba ya vyumba vitatu Chikongola na nimenunua kiyoyozi cha BTU 12,000. Jirani ananiambia nisipokuwa na kibali cha manispaa nitatozwa faini. Fundi naye anasema atakifunga jioni hii hii bila karatasi yoyote. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mtwara

Ndugu msomaji, kila mmoja wao ameshika upande mmoja tu wa jambo. Kibali cha ujenzi, ambacho kwenu hutolewa na Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kinahusu kujenga, kuongeza na kubadili jengo. Kutoboa tundu la bomba katika ukuta wa nyumba iliyojengwa kihalali ni kazi ndogo. Ukitaka kuvunja ukuta, kumwaga zege la kubebea kifaa cha nje, au kukitokeza juu ya njia ya watu, ramani iliyopigwa muhuri imekwisha kubadilika, na ni lazima upite kwanza ofisi ya mhandisi wa manispaa. Maji yanayotoka kwenye kiyoyozi nayo yaelekezwe ndani ya kiwanja chako, yasidondoke kwa jirani.

Wote wawili wamelinyamazia jambo zito zaidi, nalo ni umeme. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni zake zinataka anayetandaza nyaya na kufunga mitambo ya umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja yanayotofautiana kwa ukubwa wa kazi. Mwombe fundi wako akuoneshe yake, usome daraja lake na tarehe ya kuisha. Anayekasirika kwa kuombwa leseni hafai kuachiwa nyumba.

Nasisitiza hili kwa sababu katika nyumba nyingi kiyoyozi huchomekwa kwenye soketi ile ile ya friji. Ukiigusa usiku wa joto utaikuta ya moto, na plastiki yake imeanza kuwa ya kahawia pembeni mwa matundu. Kiyoyozi cha ukubwa wako kinahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, kwa kawaida wa milimita 2.5 za mraba, wenye breka yake na eathi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyopimwa. Kama uko daraja la bei ya umeme la D1, ambalo ni la matumizi madogo ya wastani wa uniti 75 kwa mwezi, zungumza na TANESCO mapema: kiyoyozi kinachokula karibu kilowati moja kila kompresa inapozunguka kitazimaliza uniti hizo kabla ya mwezi kwisha.

Uliza pia gesi ya kupoza iliyomo. Mitambo ya zamani hutumia R22, inayoharibu tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinapaswa kuwa zimeiondoa karibu yote ifikapo 2030; mtumba wake, hata ukiwa wa bei nafuu, nisingekushauri kuununua. Mitambo mingi mipya hutumia R32, ambayo huweza kushika moto, kwa hiyo fundi atumie pampu ya kunyonya hewa na unyevu ndani ya mabomba, asiyasafishe kwa kuifungulia gesi ipeperuke. Unyevu wa pwani yetu ukibaki humo huiua kompresa mapema.

Nimepanga nyumba ya kale Mikindani, yenye kuta nene za mawe. Mwenye nyumba ameniruhusu kwa mdomo kufunga kiyoyozi. Inatosha?
Mpangaji, Mikindani

Haitoshi. Ruhusa hiyo iandikwe na kutiwa saini, ikieleza pia nani atabaki na kiyoyozi ukihama. Kisha ulizeni kama jengo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa kuwa jengo la namna hiyo halibadilishwi bila idhini ya Idara ya Mambo ya Kale. Hata idhini ikipatikana, naomba kifaa cha nje kikae chini uani. Kuta za matumbawe na chokaa hazishiki vizuri skrubu za chuma zinazotikiswa mchana kutwa, na tundu likishakatika halizibiki ukuta ukawa kama ulivyokuwa.

Je, hita ya kuoga inayopasha maji papo hapo nayo ina masharti hayo?
Msomaji, Lindi

Kwa upande wa manispaa si jambo kubwa. Kwa upande wa umeme masharti ni yale yale, na yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hita ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampea 24, mara kadhaa ya kiyoyozi cha chumba, tena mahali penye maji. Waya wa taa hauwezi kuibeba. Fundi mwenye leseni avute waya mnene wa pekee, aweke breka inayokata umeme unapovuja, na aipime eathi nawe ukiwepo kabla mtu yeyote hajaoga.