Kistari cheusi katikati ya doa

Wadogo zangu mnaoanza kusoma MRI za ubongo, wiki ya kwanza mtaona madoa meupe kila mahali. Mama wa miaka 60 mwenye presha, anayo. Kijana anayeumwa kipandauso, anayo. Dada wa miaka 28 ambaye jicho lake moja lilififia wiki tatu kisha likarudi, naye anayo. Kwenye FLAIR, aina ya picha ya MRI inayoyang'arisha madoa, yote yanang'aa sawasawa, na anayeanza huwaandikia wote sentensi moja: "Huenda ni MS," yaani multiple sclerosis, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo. Na mimi niliandika hivyo hivyo, mpaka siku daktari aliyekuwa akinisimamia aliponirudishia ripoti nne kwa mpigo. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Mshipa uko wapi?"

Picha za SWI, zile za MRI zinazoionyesha mishipa hiyo, zilikuwepo kwenye mashine muda wote. Sikuwa nimezifungua.

Doa la MS huanzia kandokando ya vena ndogo, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Seli za kinga hupenya ukuta wa vena, zikaingia kwenye ubongo na kuishambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayovika nyuzi za neva. Uharibifu huuzunguka mshipa, kwa hiyo vena hubaki imepita katikati ya doa kama kijiti kwenye nyama ya mshikaki. Jambo hili si geni. Mwanapatholojia Rindfleisch aliliona kwa darubini mwaka 1863, na mwaka 1916 mwenzake Dawson wa Edinburgh akaeleza jinsi madoa yanavyoifuata mishipa kutoka kwenye ventrikali, vile vyumba vya maji ndani ya ubongo. Kwa kuwa vena za hapo huufikia ukingo wa ventrikali kwa pembe mraba, madoa nayo husimama hivyo, marefu kidogo kama yai. Ndivyo tunavyoviita vidole vya Dawson. Vitafute kwenye FLAIR iliyokatwa kwa ubavu. Ukibaki na picha za kukata kwa juu tu, vitakupita.

Doa la presha lina asili nyingine. Linatokana na ateri ndogo zilizokakamaa, na mara nyingi halina vena katikati.

Mshipa huo hauonekani vizuri kwenye FLAIR ya kawaida. Unahitaji SWI au T2 nyota, picha nyingine ya MRI inayohisi mvurugiko wa sumaku. Damu ya vena imeshaacha oksijeni yake njiani, na hemoglobini isiyo na oksijeni huvuruga sumaku ya hapo jirani, ndiyo maana vena hutoka nyeusi. Mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huonyesha vizuri kuliko ya 1.5, na vipande vikiwa vinene mishipa mingi hupotea. Kwa hiyo nendeni mkazungumze na wanaopiga picha. Waombeni vipande vyembamba, na mgonjwa aelezwe mapema kwamba sehemu hiyo inachukua muda na asijitikise. Nusu ya SWI mbovu nilizowahi kuletewa ziliharibiwa na shingo isiyowekewa mto.

Kwenye kuhesabu ndiko wengi huanguka. Doa lisilofika milimita 3 liache. Yaliyoungana yakawa bonge moja, yaache pia, na lenye mishipa miwili au mitatu usilihesabu. Mshipa wenyewe uwe mwembamba, chini ya milimita 2, ukae katikati, na uonekane kwenye mikato miwili tofauti, angalau mmoja ukiuonyesha kama mstari. Nukta nyeusi peke yake inaweza kuwa damu iliyovuja zamani. Ifuate kipande kwa kipande: vena huendelea na safari, damu iliyovuja huzima palepale. Zamani tulitumia kipimo cha asilimia 40 ya madoa yote kuwa na mshipa. Marekebisho ya 2024 ya vigezo vya McDonald, vinavyotumika kuitambua MS, yameiingiza alama hii rasmi kama msaada wa utambuzi: yatosha madoa 6 yenye mshipa, au kama yote hayafiki 10, yenye mshipa yayazidi yasiyo nao.

Sasa, kuna vena nyingine itakayowatia majaribuni: vijimshipa vingi vinavyokusanyika kwenye mmoja mkubwa, mithili ya mizizi ya mti. Mtu huzaliwa nao, na unanyonya damu ya sehemu hiyo kama kawaida. Niliwahi kuuandika kwenye mstari wa kwanza wa hitimisho, "mshipa wenye kasoro." Baada ya siku tatu mgonjwa alirudi na kaka yake kuuliza tarehe ya upasuaji. Tangu hapo nauweka chini kabisa, na neno "hauhitaji tiba" kando yake.

Wagonjwa pia watawauliza kuhusu kuzibuliwa mishipa ya shingo. Mwaka 2009 Paolo Zamboni wa Ferrara, Italia, alidai MS inaambatana na kusinyaa kwa vena za shingo na kifua, na watu wakasafiri nchi za mbali kupanuliwa mishipa kwa puto. Mwaka 2012 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya baada ya taarifa za vifo na za kuhama kwa stenti, vile vibomba vinavyowekwa kuushikilia mshipa uwe wazi. Utafiti wa Kanada uliotoka 2014 ulikuta kusinyaa kwa zaidi ya nusu kwa asilimia 74 ya wenye MS, lakini pia kwa asilimia 66 ya ndugu zao na 70 ya watu wasiohusiana nao. Kisha jaribio la Zamboni mwenyewe, lenye wagonjwa 115, likaonyesha kuwa puto halisaidii. Mjibuni mgonjwa kwa upole. Aliyeuza shamba kwa ajili ya nauli hahitaji kuchekwa. Vena iliyo ndani ya doa inatuambia ni ugonjwa gani. Kuizibua ya shingoni hakumponyi.

Zile ripoti nne niliziandika upya usiku uleule. Dada wa jicho: madoa 11, manane yana mshipa. Mama wa presha: madoa 14, moja tu. Daktari alisoma, akasaini, akanipa faili la tano.