Swali la kumkatiza msemaji: lini?
Kaka, umeuliza kama kwenye mdahalo unaweza kumkatiza msemaji kwa swali wakati wowote. Hapana, dakika ya kwanza hakatizwi mtu, na ya mwisho vilevile. Mdahalo wa mtindo wa bunge la Uingereza (timu nne, wawiliwawili) kila msemaji ana dakika 7, kwa hiyo unasimama kuuliza dakika ya 1 ikishaisha hadi ya 6 iishe tu, swali lisizidi sekunde 15. Msemaji akikupungia mkono ukae, kaa, ni haki yake. Nimetunza muda sana hapa Lindi, kijiko na glasi ya chai: kikilia mara moja milango ya maswali wazi, kikilia tena imefungwa. Ila mkicheza ule wa watu watatu kila upande ni dakika 8, na hotuba ya majumuisho ya dakika 4 haiulizwi swali kabisa.