Jibu: Kliniki kwa simu, wapi inafaa na wapi haifai

Mkunga mwenzangu, umeuliza kama unaweza kumfuatilia mjamzito kwa simu ya video badala ya kumwita kliniki kila mara. Unaweza, ila si kwa kila hudhurio.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mahudhurio 8 kwa ujauzito mmoja. Simu haipimi kimo cha mfuko wa uzazi wala haichukui damu na mkojo. Hayo yanataka mikono yako. Kinachofaa ni ushauri, kuelezea majibu ya vipimo, unyonyeshaji baada ya kujifungua (hapo video inasaidia mno, unaona jinsi mtoto alivyoshika titi), na presha, ikiwa mama ana mashine nyumbani.

Kwenye presha ndiko kwenye kazi. Mfundishe kwanza ana kwa ana: akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Ikifika 140/90 akupigie siku hiyohiyo. Ikifika 160/110 asisubiri simu ya mtu, aende hospitali. Vivyo hivyo kichwa kikimuuma sana, akiona vimulimuli, akitokwa na damu au mtoto akipunguza kucheza, hata kama mashine inasoma vizuri.

Halafu, kabla ya lolote, muulize kama yuko peke yake chumbani. Kuna mambo mama hatayasema mume akiwa pembeni. Na kila simu iandike kwenye faili lake, hata ile ya dakika mbili.